Modi nyingi kwenye gemu moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimewaandikia wachezaji na watengenezaji wa modi wa Pemba na Unguja. Maswali mengi ni yale wanayoniuliza vijana wanaokuja kwenye banda langu la gemu hapa Chake Chake. Mengine yanatoka kwa wenzangu wa Mjini wanaotengeneza jezi, mabasi na tafsiri. Msimamo wangu nautaja mapema: gemu linalokubali modi lapaswa kukubali kadhaa kwa wakati mmoja, na kazi ya kuzipatanisha iwe ya gemu lenyewe kabla haijamfikia mchezaji.

Modi ni kitu gani hasa?

Ni nyongeza au badiliko alilotengeneza mchezaji na kulitia kwenye gemu la mtu mwingine. Inaweza kuwa jezi, basi, ramani, sauti, lugha, au kanuni mpya za mchezo mzima.

Kwa nini mtu atake modi mbili au tatu kwa pamoja? Si achague moja anayoipenda?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Chukua Stardew Valley, gemu la shamba na uvuvi lililotoka 2016. Kwa rasmi lina lugha 12, na Kiswahili hakimo. Sasa tuseme kijana wa Wete amekaa akatafsiri maneno ya wanakijiji wote, majina ya mboga, barua, sherehe za kila msimu. Hiyo ni modi. Mdogo wake anaitaka kwa sababu Kiingereza bado kinampiga chenga. Lakini mdogo wake huyo huyo anataka pia modi ya samaki wapya, na nyingine ya kupanga vitu makashani kwa haraka. Gemu likimwambia achague moja tu, tafsiri ya Kiswahili inaingizwa kwenye mashindano na samaki, na haikustahili kushindana nao hata kidogo. Lugha ni njia ya kuufikia mchezo wote. Mtoto hapaswi kuilipia kwa kukosa kila kitu kingine.

Liangalie na upande wa pili. Modi kubwa, zinazotengenezwa na vikundi vya watu wengi huko nje, zikipewa nafasi moja tu zitaichukua daima. Modi zetu ni ndogo: daladala moja ya mbao yenye viti vya ubavuni, jezi ya timu ya Chipukizi, sauti ya muuza kahawa akigonganisha vikombe. Hakuna mtu atakayeacha modi kubwa ya kigeni kwa ajili ya jezi moja, na simlaumu. Ila akiweza kuzitia zote mbili, jezi ya Chipukizi inaingia. Kwa hiyo anayesema "moja inatosha" anawafungia mlango watengenezaji wadogo kwanza, na sisi visiwani karibu sote ni watengenezaji wadogo.

Kwa bahati nzuri gemu hilo nililolitaja halina ubaya huo. Tangu toleo la 1.5.5 linakubali lugha mpya iongezwe kama lugha ya ziada, bila kufuta mojawapo ya zilizopo na bila kuzuia modi nyingine.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Modi mbili zitakaaje?

Methali hii inawahusu mafahali wanaogombea kitu kimoja. Basi la kuuliza ni hili: modi hizi zinagombea nini? Mara nyingi hazigombei chochote. Modi ya jezi na modi ya mvua hazikutani popote.

Zinapokutana, chanzo cha kawaida ni faili. Gemu lina faili moja la bei za dukani. Modi ya kwanza imebadilisha bei ya mkate, ya pili imebadilisha bei ya samaki, lakini kila moja imekuja na faili zima la bei. Itakayopakiwa ya mwisho inalifunika la mwenzake, na bei ya mkate inarudi ya zamani bila mchezaji kuambiwa. Watengenezaji hawa wawili hawakuwa na ugomvi. Kilichowagombanisha ni utaratibu wa kuleta faili zima wakati kilichobadilika ni mstari mmoja.

Kuna ugomvi wa majina na namba. Minecraft ya zamani, kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2013, ilitambua kila tofali kwa namba. Watengenezaji wawili waliochagua namba moja bila kujuana waliligongesha gemu, na mchezaji ndiye aliyekuwa akifungua mafaili ya mipangilio kubadilisha namba moja moja kwa mkono. Siku hizi kila kitu kina jina linaloanza na jina la modi yake, kwa hiyo "taa" yako na "taa" yangu ni vitu viwili tofauti. Badiliko dogo, lakini liliondoa mateso mengi.

Upo pia ugomvi wa programu yenyewe: modi mbili zinabadilisha hesabu ile ile, mathalani namna mchezaji anavyopoteza uhai anapoanguka. Hapa panahitajika mtu wa kati, na nitamtaja hapa chini.

Ugomvi mmoja kompyuta haiwezi kuuona kabisa. Modi moja imefanya chakula kiwe adimu, nyingine imefanya shujaa ale mara tatu zaidi. Hakuna faili lililofunikwa, gemu halijakwama, kila kitu kinakwenda sawa, na mchezaji anakufa njaa siku ya pili. Huo unatatuliwa kwa watengenezaji kuzungumza na kwa mchezaji kusoma maelezo ya modi kabla ya kuitia.

Magemu ya zamani yalifanyaje?

Doom ya 1993 ilianza vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Kampuni ya id Software iliitenga injini ya gemu na picha, sauti na ramani, ambazo ziliwekwa kwenye faili la aina ya WAD. Mchezaji aliweza kuongeza WAD yake bila kuharibu ya asili, tena aliweza kuongeza kadhaa kwa mara moja. Zikigombea ramani moja, ya mwisho hushinda.

Quake ilipokuja 1996 iliwapa watengenezaji uwezo mkubwa zaidi, wa kuandika kanuni za mchezo, ila kanuni zote ziliishia kwenye faili moja. Ukitaka silaha za huyu na maadui wa yule, ilibidi mtu akae ayaunganishe maandishi ya wawili hao kwa mkono. Half-Life ya 1998 ilifuata njia hiyo hiyo: modi ni gemu kamili unaloliwasha peke yake. Counter-Strike ilizaliwa hivyo mwaka 1999, na Valve wakaichukua wakaitoa rasmi 2000.

Sidharau njia hiyo. Modi inayogeuza kila kitu, kuanzia uwanja hadi bunduki, haina haja ya jirani. Tatizo ni kuichukua njia iliyofaa modi ya ukubwa wa Counter-Strike na kuilazimisha kwa mtu aliyebadilisha rangi ya kofia.

Ni gemu gani lililolifanya jambo hili vizuri zaidi?

Kwa maoni yangu ni Factorio, gemu la kujenga viwanda, lililofika toleo la 1.0 mwaka 2020. Linapowaka, modi zote hupita kwenye hatua tatu kwa pamoja. Kwenye hatua ya kwanza kila modi inaweka vitu vyake. Zikimaliza zote, hatua ya pili inakuja, ambapo kila modi inaona walichoweka wenzake na inaweza kujirekebisha. Halafu ya tatu, ya marekebisho ya mwisho. Mtengenezaji hahitaji kubahatisha nani ametangulia. Pia kila modi inakuja na karatasi yake ya utambulisho: inategemea modi gani, inapatana na gani ikiwepo, na haiwezi kabisa kukaa na gani. Kukitokea kosa wakati wa kupakia, gemu linakutajia jina la modi yenye kosa. Kwangu mimi, hilo la kutaja jina ni nusu ya kazi yote. Kijana anayeona gemu limezimika bila neno anafuta kila kitu na kukata tamaa. Anayeona jina anajua pa kwenda.

RimWorld, gemu la kusimamia makazi ya walowezi, inakuja karibu. Humo modi inaweza kusema "kwenye ukurasa wa bunduki, badilisha mstari huu tu", badala ya kuleta ukurasa mzima. Kwa upande wa programu wachezaji wanatumia Harmony, maktaba ya programu iliyoandikwa na Andreas Pardeike, ambayo ndiyo yule mtu wa kati niliyemtaja: inaziruhusu modi kadhaa kujishikiza kwenye hesabu moja, hii kabla yake, ile baada yake. Sikilizeni lakini: Harmony haikutoka kwa kampuni ya gemu. Kwenye Stardew Valley pia, programu zinazopakia na kupatanisha modi, yaani SMAPI na Content Patcher, zilitengenezwa na wachezaji. Kabla ya hizo mtu alikuwa anafuta faili la asili na kuweka lake. Nawashukuru waliojitolea, na papo hapo nasema kazi hiyo ilikuwa ya kampuni.

Na Skyrim? Nasikia watu wanaweka modi mamia.

Wanaweka kweli. Toleo la kwanza la 2011 lilikuwa na mwisho wa modi 255 za aina ya kawaida, ukihesabu na mafaili ya gemu lenyewe, kwa kuwa kila moja ilipewa namba na namba ziliishia hapo. Baadaye ikaja aina nyepesi zinazogawana nafasi moja, na maelfu yakawezekana. Ila sheria ya msingi ni ya mwisho hushinda, na kupanga nani awe wa mwisho ameachiwa mchezaji. Ndiyo maana kuna programu inayoitwa LOOT ya kumpangia. Gemu hili linaonyesha kwamba wingi wa modi unawezekana hata bila msingi mzuri, ila gharama yake inaangukia usiku wa mchezaji.

Kaka, mimi nacheza kwenye simu tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Minecraft ya simu inakubali vifurushi kadhaa kwa pamoja, na kilicho juu kwenye orodha kinashinda kilicho chini. Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na Maleo mwaka 2017 na inayochezwa sana huku kwetu kwa ajili ya mabasi ya Tanzania yaliyotengenezwa na wachezaji, ina njia nyepesi: kila basi linaingia kama gari jipya, haligusi jingine. Ndiyo maana vijana wanalimudu bila kufundishwa. Magemu ya mpira ya mtandaoni kama eFootball hayana nafasi ya modi, na anayekuuzia "modi ya sarafu" yake anakuuzia matatizo.

Na PES kwenye kompyuta? Nataka Ligi Kuu ya Zanzibar na viwanja vipya kwa pamoja.

Inawezekana kwenye PES 2017 na zilizofuata hadi 2021, kwa kutumia programu ya Sider. Unaandika orodha ya folda: moja ya jezi za Mlandege, KMKM, Jamhuri na wengine, nyingine ya uwanja wa Gombani ikiwa umeutengeneza, nyingine ya sauti. Folda zote zinasomwa. Ila angalia: kwenye Sider faili linalopatikana kwenye folda ya kwanza ndilo linalotumika. Doom ya mwisho inashinda, Sider ya kwanza inashinda, na Euro Truck Simulator 2 modi ya juu kwenye orodha inashinda. Kila gemu na desturi yake, na mara nyingi haiandikwi wazi pale unapopanga. Ningekuwa na neno moja la kuwaambia watengenezaji wa magemu wote, ningewaomba waandike juu ya orodha: "ya juu inashinda", au "ya chini inashinda".

Tukicheza wengi kwenye mtandao mmoja, modi nyingi zitaleta shida?

Zitaleta ikiwa kompyuta hazifanani. Modi zote zinazogusa kanuni lazima ziwe zile zile, matoleo yale yale, kwenye kila mashine. Siku za sikukuu, banda linapojaa, siruhusu mtu kuongeza modi kwenye mashine moja peke yake. Factorio inajitahidi hapa pia: ukijiunga na mchezo wa mwenzako inakulinganishia modi zako na zake na kukupakulia zilizopungua. Kwa bando zetu si kila mtu anaweza kupakua, kwa hiyo sisi tunanakili folda nzima ya modi kwenye flashi na kuipitisha mashine kwa mashine. Inachukua muda mfupi kuliko kubishana kwa nini mmoja hawezi kuingia.

Nikiondoa modi katikati ya mchezo niliokwishausevu?

Inategemea modi ilifanya nini. Jezi au lugha unaiondoa bila hasara. Modi iliyoongeza vitu, watu au nyumba imeacha alama ndani ya sevu yako, na gemu linapoitafuta nyumba lisiione, linaweza kuifuta, au kukataa kufunguka. Nakili faili la sevu kwanza. Gemu zuri linakwambia kabla ya kufungua kwamba modi fulani ilikuwepo na sasa haipo. RimWorld inafanya hivyo.

Modi nyingi si milango mingi ya virusi?

Ndiyo, na sitaki kulipunguza jambo hili. Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ilipenyezwa ndani ya modi za Minecraft zilizokuwa kwenye tovuti maarufu ambazo watu waliziamini. Modi ya Minecraft ya Java, ile ya kompyuta, ni programu kamili, ikiingia inaweza kusoma chochote kwenye kompyuta yako. Modi za Factorio zinaandikwa kwa lugha ya Lua ndani ya uzio, hazifikii mafaili yako. Hapa ndipo kampuni inapoonyesha kama inawajali wachezaji: kuruhusu modi nyingi bila uzio ni kuwaweka watu hatarini. Kwako wewe, pakua kwa mwenyewe aliyeitengeneza, usichukue modi iliyofungwa upya na mtu usiyemjua, na usizime kinga ya virusi kwa sababu maelezo ya modi yamekwambia uizime.

Kampuni nazo zina hoja zake. Huzisikii?

Nazisikia. Mchezaji mwenye modi 40 anaandika malalamiko kwamba gemu ni bovu, kumbe ubovu ni wa modi ya kumi na tatu. Watu wanaopokea malalamiko hayo wanachoka. Gemu likipata toleo jipya, modi zinavunjika na lawama zinarudi kwao. Kujenga msingi wa kuzipatanisha ni kazi ya miezi, na kikundi kidogo cha watengenezaji hakina miezi hiyo. Kwenye mechi za kushindania ngazi, mwenye modi ya kuona nyuma ya ukuta ni mwizi, basi.

Kwa mechi za ngazi nakubaliana nao kabisa: zifungwe, zisiingie modi yoyote. Kwa gemu fupi la hadithi lisilo na nafasi ya modi pia sina dai. Lakini lile la malalamiko lina dawa rahisi: ripoti ya kosa iandike yenyewe orodha ya modi zilizokuwa zimewashwa, na gemu liwe na kitufe cha kuwaka bila modi hata moja. Na kampuni isiyo na miezi ya kujenga hatua tatu kama za Factorio inaweza kufanya mawili tu: kuruhusu kubadilisha mstari badala ya faili zima, na kutaja jina la modi yenye kosa. Hayo mawili yanaondoa sehemu kubwa ya ugomvi.

Nina modi nyingi na gemu linazimika. Nitamjuaje mkosaji?

Usiziondoe moja moja. Zima nusu, washa gemu. Likikubali, mkosaji yumo kwenye nusu uliyozima; likikataa, yumo kwenye iliyobaki. Chukua nusu hiyo, igawe tena. Modi 64 zinakwisha kwa majaribio 6. Angalia tu usizime modi ya msingi ambayo nyingine zinaitegemea, maana utapata kosa jipya na kudhani umempata mhalifu. Ikiwa mkosaji ni wawili wanaogombana, utafika mahali kila nusu peke yake inakubali. Hapo wagawe upya kwa mpangilio mwingine.

Natengeneza modi. Nifanyeje isigombane na za wenzangu?

Badilisha kidogo kadiri kazi yako inavyohitaji. Ukitaka kubadilisha bei ya mkate, gusa bei ya mkate. Vipe vitu vyako majina yanayoanza na jina la modi yako. Usiunganishe mambo matano ndani ya modi moja. Mtu anayetaka daladala yako huenda hataki honi yako, kwa hiyo zitoe mbili. Andika kwa Kiswahili kilicho wazi modi inagusa nini, imejaribiwa na toleo gani la gemu, na modi gani unajua haipatani nayo. Na mwenzako akikuandikia kwamba zenu zinagombana, mjibu. Ugomvi mwingi nilioushuhudia ulikwisha kwa ujumbe wa simu kati ya watu wawili.

Naweza kuchukua modi mbili za watu, nikaziunganisha na kuzigawa kama moja?

Kwa matumizi yako mwenyewe, hilo ni lako. Kuzigawa ni lazima uwaombe wenyewe, hata kama walizitoa bure, na majina yao yabaki. Wengine wameandika ruhusa kwenye maelezo, wasome kwanza.

Nikija bandani na flashi, nitapata tafsiri za Kiswahili?

Utapata zile ambazo wenyewe wameruhusu zinakiliwe. Njoo ukijua toleo la gemu lako na orodha ya modi ulizonazo, picha ya skrini inatosha. Tafsiri tunaitia ya mwisho, baada ya modi nyingine zote kuwaka vizuri, ili neno likikosekana tujue limekosekana kwenye modi ipi, na tumwandikie aliyeitengeneza.